Chupa iliyobadilika rangi si mgonjwa aliyepona

Ndugu Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti ya Kiswahili zina tafsiri moja tunayoomba iachwe: kuziita antioksidanti "viondoa sumu". Antioksidanti haiondoi sumu yoyote mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo, nazo hazingoji glasi ya juisi ili zianze. Antioksidanti ni kemikali inayozuia kitu kingine kisioksidike, yaani kisipoteze elektroni zake, mara nyingi kwa oksijeni, au inayokichelewesha. Kata parachichi uliache mezani, litageuka jeusi. Lipake maji ya ndimu, litachelewa, kwa sababu vitamini C ya ndimu inaoksidika badala yake na ukali wa ndimu unapunguza kasi ya kimeng'enya kinacholeta weusi. Hapo antioksidanti imefanya kazi mbele ya macho yako, na hakuna sumu iliyotolewa popote.

Tungenyamaza kama lingekuwa suala la kamusi tu. Lakini msomaji anayeambiwa kwamba kitu kinaondoa sumu humalizia mwenyewe: kikizidi, kitasafisha zaidi. Kutoka hapo hadi kuacha vidonge vya presha kwa ajili ya unga wa mlonge si mbali. Kwa hiyo tueleze jinsi ile sentensi inayopendwa, "watafiti wamegundua mmea huu una antioksidanti nyingi", inavyopatikana.

Mara nyingi kilichofanyika ni hiki. Majani yamekaushwa, yamesagwa, yamelowekwa kwenye methanoli, yamechujwa. Pembeni kuna kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, nayo imeyeyushwa kwenye methanoli. Dondoo la mmea likichanganywa nayo na kuachwa gizani kwa dakika 30, zambarau inafifia kuelekea njano. Spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi, inasoma kwenye nanomita 517, na kule kufifia ndiko kunakoripotiwa kuwa "uwezo wa kupambana na radikali huru", yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, ambazo hunyakua elektroni za nyingine. Ni kipimo rahisi na cha haraka, na kinafaa kwa kazi yake: kulinganisha, kwa mfano, majani yaliyokaushwa juani na yaliyokaushwa kivulini. Ila hakuna mtu, panya wala seli hai iliyohusika. DPPH yenyewe haimo katika mwili wa kiumbe yeyote, na hakuna anayekunywa mlonge uliolowekwa kwenye methanoli, ambayo hupofusha. Anayetaka kujua kilichomo kwenye kikombe cha mnywaji angeanza na maji ya moto.

Hata ndani ya neli ya majaribio kuna mitego. Rozela, ambayo wengine huiita choya, ni nyekundu kwa sababu ya rangi za mimea ziitwazo anthosianini, na wekundu huo hufyonza mwanga karibu na nanomita 520, yaani palepale mashine inaposoma. Mwanafunzi asiyepima dondoo peke yake bila DPPH na kuitoa rangi hiyo kwenye hesabu atapata namba ya uongo. Rozela itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kipimo kingine, cha Folin-Ciocalteu, kinachosomwa kwenye nanomita 765, huandikwa kuwa "jumla ya polifenoli", kundi kubwa la kemikali za mimea zenye sifa ya antioksidanti, ilhali kitendanishi chake humenyuka pia na vitamini C, baadhi ya sukari na protini. Tunda lenye vitamini C nyingi litahesabiwa polifenoli ambazo halina. Halafu kuna IC50, kiwango cha dondoo kinachofifisha nusu ya rangi. Hapo namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Mwandishi asiyelijua hilo atampa wa mwisho kikombe cha ushindi.

Tufanye hesabu kidogo. Majaribio ya chupani hutumia mikrogramu 100 za dondoo kwa mililita bila wasiwasi. Plazma, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, ni kama lita 3 kwa mtu mzima. Kukifikia kiwango hicho kunataka miligramu 300 za dondoo ziwe ndani ya plazma kwa wakati mmoja, zikiwa hazijaguswa na utumbo wala ini. Haitokei. Mapitio ya tafiti 97 za ufyonzwaji wa polifenoli, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba baada ya kula miligramu 50, damu hupata mikromoli 0 hadi 4 kwa lita, tena nyingi zikiwa zimeshabadilishwa umbo na ini. Asidi ya yuriki, ambayo mwili unaitengeneza wenyewe na ambayo pia ni antioksidanti, iko kwenye damu kwa mikromoli mia mbili hadi mia nne hivi. Polifenoli zinaingia kwenye umati huo kama wageni wachache tu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, waliliona hili kwa namna ya kuchekesha. Watu walikula matofaa matano, damu ikapimwa, na "uwezo wa antioksidanti" ukapanda. Flavonoidi za tofaa, ambazo ni aina ya polifenoli, zilikuwa chache mno kuweza kueleza ongezeko hilo. Kilichopanda kilikuwa asidi ya yuriki, kwa sababu ini likichakata sukari ya matunda kwa wingi huizalisha. Kwa maneno mengine, kipimo kilekile kingefurahia soda. Ndiyo maana utafiti unaosema tu kwamba "uwezo wa antioksidanti kwenye damu uliongezeka" baada ya kunywa juisi fulani haujasema lolote mpaka uonyeshe asidi ya yuriki ilikuwa kiasi gani kabla na baada.

Wazanzibari watatusamehe kwa mfano ufuatao. Mwaka 2010 watafiti wa Oslo na wenzao walichapisha jedwali la antioksidanti katika vyakula zaidi ya 3,100, na karafuu ikawa juu katika kundi la viungo. Kwa gramu 100. Lakini karafuu kumi kavu ni kama gramu 1, na sufuria ya pilau ya familia haizidi hizo. Anayesoma jedwali hilo na kuamua kunywa mafuta ya karafuu anaingia hatarini: mililita 5 hadi 10 za mafuta hayo zimewahi kuharibu ini la watoto wadogo. Jedwali la mlonge nalo lina kasoro ya aina hiyo: huweka unga mkavu gramu 100 kando ya chungwa bichi lililojaa maji, kisha hutangaza mshindi, wakati kijiko cha chai cha unga huo ni gramu 2 au 3 na vitamini C yake nyingi ilipotea kwenye ukaushaji. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la ORAC, kipimo kingine cha maabara cha antioksidanti za vyakula, kwenye tovuti mwaka 2012, ikieleza kwamba namba zile hazionyeshi athari kwa afya ya binadamu na kwamba wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya. Bado zimo kwenye vifungashio.

Sasa tuje kwenye watu. Mwaka 1981 wataalamu wa takwimu na saratani wa Uingereza na Marekani waliuliza katika jarida la Nature kama beta-karotini, ile rangi ya karoti na mboga za majani, ingeweza kupunguza saratani. Swali lilikuwa la haki: tafiti nyingi zilionyesha kwamba watu wanaokula mboga hupata saratani ya mapafu kwa uchache. Ufini wakachukua wanaume wavutaji sigara 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wakawagawa kwa bahati nasibu: miligramu 20 za beta-karotini kila siku, au miligramu 50 za vitamini E, au vyote viwili, au kidonge kisicho na kitu. Wakafuatwa miaka 5 hadi 8. Majibu ya mwaka 1994 yalitikisa fani nzima: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani kulikuwa na jaribio jingine, CARET, la watu 18,314, wavutaji wa sasa na wa zamani pamoja na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Miligramu 30 za beta-karotini pamoja na vitamini A. Lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake, kwa kuwa saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17.

Jambo la kukaa nalo katika jaribio la Ufini ni hili. Wanaume hao walipimwa damu kabla ya kupewa kidonge chochote. Waliokuwa na beta-karotini nyingi kutokana na chakula chao walipata saratani kwa uchache, kama tafiti za awali zilivyosema. Yaani katika watu walewale, beta-karotini ya chakula ilikuwa dalili ya afya na beta-karotini ya kidonge ikawa madhara. Kidonge kiliipandisha kwenye damu zaidi ya mara 10. Na beta-karotini ya chakula huenda haikuwa yenyewe iliyokuwa ikilinda. Ilikuwa alama tu ya mtu anayekula mboga, ambaye mara nyingi pia hunywa pombe kidogo, huvuta sigara chache na kulala na kitu tumboni. Takwimu hujaribu kuyatenganisha hayo, lakini usahihi wake hauwezi kuzidi usahihi wa dodoso. Mtu akiulizwa alikula mchicha mara ngapi mwezi uliopita, atajibu vile anavyotamani ingekuwa.

Vitamini E ilipita njia hiyohiyo. Jaribio la HOPE la mwaka 2000, watu zaidi ya 9,500 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, yuniti 400 kwa siku: hakuna faida. Jaribio la SELECT, wanaume 35,533: mwaka 2011 ikaonekana waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa kidonge kitupu. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 78 na watu 296,707 yalikuta kwamba vidonge vya beta-karotini na vitamini E havirefushi maisha, na huenda vinayafupisha kidogo.

Sababu moja ni kwamba radikali huru si majambazi tu. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria, na misuli huzitumia kama taarifa. Ujerumani, mwaka 2009, vijana waliofanya mazoezi wiki nne huku wakimeza miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E walikosa faida ambayo wenzao wasiomeza waliipata: mwili wao haukuongeza usikivu kwa insulini. Vidonge vilizima taarifa kabla haijafika.

Kuna jaribio moja linaloonekana kupinga yote haya, na ni vizuri lisemwe. Linxian, China, watu 29,584, majibu mwaka 1993: mchanganyiko wa beta-karotini, vitamini E na seleniamu ulipunguza vifo kwa asilimia 9. Tofauti ni kwamba watu wa Linxian walikuwa na upungufu wa virutubisho hivyo kwa muda mrefu. Kujaza pengo ni jambo moja, kumwaga juu ya kilichojaa ni jingine. Kwa hiyo asije mzazi akasoma barua hii akakataa matone ya vitamini A ya mtoto wake mwenye miezi 6 hadi 59. Matone yale hutolewa kwa ajili ya upungufu, kwa kipimo kinachojulikana, yuniti 100,000 kabla ya mwaka mmoja na 200,000 baada ya hapo, na hayahusiani na biashara ya antioksidanti.

Utafiti mzuri wa chakula cha mimea unafananaje, basi? Turudi kwenye rozela, maana ina bahati ya kuwa na jaribio la watu. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Tufts kilichapisha jaribio la watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo na hawakuwa wakitumia dawa. Nusu walikunywa vikombe vitatu vya mililita 240 vya chai ya rozela kila siku kwa wiki sita; wengine walikunywa kinywaji chenye ladha ya rozela bila rozela. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa 7.2 upande wa rozela na 1.3 upande wa pili. Angalia kile 1.3: bila kundi la kulinganishia kingehesabiwa kuwa kazi ya rozela. Angalia pia kwamba kilichopimwa ni presha ya watu, si rangi ya chupa, na maelezo yanayowezekana zaidi hayahusu uoksidishaji: maabarani anthosianini za rozela huzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na dawa za presha captopril na enalapril. Na chai ile haikuwa juisi ya mtaani. Vikombe vitatu vyenye vijiko vinne vya sukari kila kimoja ni gramu 48 hivi za sukari, karibu kikomo chote cha siku kinachowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima.

Mfano wa pili uko nyumbani. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha katika jarida la Nature Medicine jaribio la wanaume 77 wenye afya wa kaskazini mwa Tanzania. Waliozoea chakula cha kijijini, yaani ndizi, maharage, mboga za majani, ulezi na mtama, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa chipsi, mkate mweupe na soseji. Wa mjini wakapelekwa upande wa pili. Kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia mlo wa kizungu waliongezeka viashiria vya uvimbe (inflamesheni, si uvimbe wa saratani) kwenye damu na chembe zao za kinga zikajibu vimelea kwa udhaifu zaidi. Makundi mengine mawili yakaenda kinyume, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo wiki nne baadaye. Ni kazi nzuri, na gazeti lolote lingeipa ukurasa. Lakini wiki mbili ni wiki mbili, wanawake hawakuwemo, na kilichobadilishwa kilikuwa mlo mzima: nyuzinyuzi, mafuta, sukari, uchachu. Anayeandika kwamba antioksidanti ndizo zilizofanya kazi hiyo amejaza mwenyewe. Anayeandika kwamba mbege ni dawa ana lake.

Kwa wanafunzi wanaopanga tafiti kama hizi, neno moja la maabara, kwani hapa ndipo fedha nyingi huzama. Vitamini C kwenye plazma huanza kuharibika mara tu damu inapotolewa. Ikichelewa kuwekwa asidi ya metafosfori na kugandishwa kwenye nyuzi -70 au chini zaidi, utapima ucheleweshaji wako. Kipimo cha TBARS cha kuoza kwa mafuta mwilini hupokea pia sukari na kemikali nyingine, kwa hiyo hupanda bila sababu. F2-isoprostani, kemikali zinazotokana na mafuta yaliyooksidika, ni kipimo bora, ila sampuli ikikaa kwenye friza ya -20, mafuta ya damu huendelea kuoksidika humohumo na kuzalisha isoprostani mpya. Umeme ukikatika usiku mmoja bila jenereta, utafiti wa miezi sita umekuwa utafiti wa friza.

Jikoni mambo ni mepesi zaidi. Beta-karotini ya mboga hufyonzwa kwa shida kwa sababu imefungwa ndani ya jani. Indonesia, katika utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995, wanawake wanaonyonyesha walipewa mboga za kijani kila siku kwa wiki 12 na vitamini A yao haikupanda, wakati waliokula biskuti zilizotiwa beta-karotini walipanda. Kazi kama hizo zilifanya kipimo cha Marekani kibadilishwe mwaka 2001: mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula huhesabiwa sawa na 1 ya vitamini A, si 6 kama zamani. Jedwali linalotumia 6 linakudanganya mara mbili. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, huachia karotini yake kirahisi zaidi: Afrika Kusini, gramu 125 za viazi hivyo vilivyochemshwa na kupondwa, kwa siku 53 za shule, ziliboresha akiba ya vitamini A ya watoto. Kwa mchicha na matembele, katakata vizuri, pika kwa muda mfupi, usimwage maji, na weka mafuta kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji. Gramu 3 hadi 5 za mafuta kwenye mlo zinatosha.

Chai ya rangi pamoja na maharage ina upande wake mbaya. Polifenoli zilezile zinazosifiwa hushika madini ya chuma na kupunguza ufyonzwaji wake kwa zaidi ya nusu. Mjamzito mwenye upungufu wa damu angoje saa moja baada ya kula. Kipande cha chungwa au ndimu kwenye mlo hufanya kinyume, kwa kuwa vitamini C hubadilisha chuma kuwa katika hali inayofyonzwa. Kwa maoni yetu huu ndio ushahidi bora kabisa wa vitamini C kutoa elektroni zake kwa faida ya mtu, na hakuna anayeutangaza.

Kwa hiyo, Mhariri, kabla habari ya mmea haijachapwa, tunaomba dawati lenu limtake mwandishi aandike kwenye aya ya pili alipimwa nani, alipewa kiasi gani kwa gramu au kikombe, kwa muda gani, na akilinganishwa na nani. Kama jibu la swali la kwanza ni "dondoo kwenye neli", habari ichapwe kwenye ukurasa wa sayansi, si wa tiba. Na pale mmea unapotajwa pamoja na ugonjwa, iwekwe sentensi moja kuhusu dawa. Balungi huzuia utumbo kuvunja nifedipine, dawa ya presha, na simvastatin, dawa ya kolesteroli, zikazidi kwenye damu. Kuliacha siku hiyo hadi jioni hakusaidii, kwani athari hudumu zaidi ya saa 24. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga za majani wala asizianze kwa ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo hubadilisha ugandaji wa damu: ale kiasi kilekile kila wiki, na akibadilisha awaambie wanaompima.

Wasomaji wenu, wataalamu wa lishe,
Morogoro